Mwisho Uliofungia Njugu

Kitabu kilikatika mahali pabaya kuliko pote. Kijana amesimama kizimbani, mama yake amekaa benchi la nyuma na kikapu magotini, hakimu anavaa miwani yake ili asome, halafu basi. Jalada. Kuna mtu alikuwa amechana kurasa za mwisho kabla kitabu hakijafika kwenye gunia la mitumba nilikokinunua, na nilijua zilikokwenda, kwa sababu huku kwetu karatasi laini ya kitabu cha zamani ina kazi moja tu, kufungia njugu. Mtu fulani alitembea kutoka mtaa wa Ayany akitafuna njugu kutoka ndani ya hukumu ya kijana yule, akamaliza, akakunja karatasi, akaitupa mtaroni.

Ningekuwa msomaji mwingine ningecheka. Lakini kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja hukumu hiyo kutoka kinywani mwangu, na mimi nilikuwa nimeanza kuamini, bila kumwambia mtu, kwamba kinywa hicho hicho ndicho kilichomfunga mwanawe.

Kazi yangu ni kusuka nywele katika saluni ya shangazi, Gatwekera, hapa Kibera. Ni chumba cha mabati chenye kioo kimoja, viti viwili vya plastiki na benchi la wanaongoja. Shule niliiachia kidato cha pili. Kiingereza nilichonacho nimekitoa vitabuni, peke yangu, na vitabu vyenyewe sikuvichagua kwa raha. Nilivichagua kwa woga. Niliogopa kupoteza muda kwa kitabu kidogo halafu siku moja mtu aliyesoma aniulize kuhusu kikubwa nibaki nimekodoa macho. Kwa hiyo nilinunua tu vile vilivyoandikwa mgongoni kwamba ni mojawapo ya riwaya kuu kabisa za lugha ya Kiingereza. Nilisoma Waingereza wa zamani, nikasoma Wamarekani na mashamba yao ya pamba, nikasoma Waafrika waliochukua lugha hiyo hiyo wakaigeuza ndani nje kama koti. Nikipita neno nisilolijua nilirudi mwanzo wa ukurasa. Nikihisi akili imetoka nje hata kidogo, nilirudi mwanzo wa sura. Kuna vitabu ambavyo nimevisoma kwa namna hiyo mpaka nimevichukia.

Majina ya waandishi wenyewe siyatamki mbele za watu. Sijawahi kumsikia mtu akiyatamka, na naogopa kukosea.

Wakati mwingine nilikutana na kitu cha kunishangaza. London ya zamani, ile niliyodhani ni marumaru tupu, ilikuwa na matope, moshi, maji machafu yakipita katikati ya vichochoro, na watoto wakikohoa ukutani. Niliusoma mtaro ule nikainua macho nikautazama wetu. Tangu siku hiyo sikuwaona tena waandishi wale kama Wazungu wa mbali. Niliwaona kama watu waliotangulia kuona.

Nikaanza kuwasimulia wateja.

Huku kwetu kusimulia kuna sheria yake. Ukienda kwenye vibanda vya video utamkuta jamaa na kipaza sauti akieleza filamu ya kigeni kwa Kiswahili cha mtaa, na hasemi maneno ya filamu. Anawapa wale waigizaji majina ya vijana wa hapa, jambazi anakuwa mwizi wa kuku tunayemjua, mrembo anauza chipsi karibu na stendi. Bila hivyo watu watatoka. Nami nilifanya vivyo hivyo. Mjakazi wa riwaya alifua nguo Ayany. Wakili alikuwa na ofisi juu ya duka la dawa. Wateja walikuwa wakipanga kusukwa siku moja ili wasipitwe.

“Hao Wazungu wako hawafanyi kazi?” mwenye nyumba wetu aliniuliza mara moja. Ni mama wa Kinubi, mzaliwa wa Kibera na mama yake mzaliwa wa Kibera, na huja saluni amevaa gurbaba, ile nguo yao ya rangi ya kujifunga mwilini, hata kama hasukwi. “Kila siku chai na barua, chai na barua. Kodi nani analipa?”

“Ndio hadithi yenyewe, mama. Kodi imewashinda.”

“Aa. Basi endelea, binti. Hapo nitakuelewa.”

Mteja aliyesikiliza kuliko wote alikuwa mwanamke tunayemwita Mama Samaki, kwa sababu hukaanga samaki pale chini ya reli. Alitoka Magharibi mwa Kenya zamani, akamzika mume hapa, akabaki na mwana mmoja anayefanya kazi za mjengo. Kabla ya kukaa kwenye kiti changu alikuwa akijisugua ndimu mikononi na shingoni, akiniomba radhi kwa harufu. Na alipokuwa akisikiliza, kichwa chake kilitulia kabisa. Msusi anajua maana ya jambo hilo. Vichwa vingine unavisuka kama unafukuza kuku.

Riwaya niliyokuwa nikimsimulia iliandikwa na mwanamke Mwingereza aliyekufa zamani sana. Inahusu mama dobi mjane na mwanawe, kijana mpole anayedaiwa kuchoma ghala la tajiri wa kijiji. Mwandishi hasemi kijana ana sura gani wala anatembeaje. Mimi, kwa sheria ile ya vibanda vya video, nilihitaji kumpa mwili. Simjui kijana yeyote mpole isipokuwa mwana wa Mama Samaki, ambaye alikuwa akija kumchukulia mamake ndoo za maji, na ambaye akiulizwa swali lolote hushika sikio lake la kushoto na kulivuta kidogo kabla ya kujibu. Nikamvika kijana wa Kiingereza sikio hilo. Akiulizwa na tajiri, anashika sikio. Akimuaga mama yake, anashika sikio. Wateja walipenda. Mama Samaki alicheka kwa pua.

Jumamosi moja nikasimulia kukamatwa kwake. Nilisimulia vizuri, Mungu anisamehe. Nilisema polisi walivyogonga, mama alivyotoka na mapovu mikononi, kijana alivyoshika sikio hadi mmoja wao akamwambia mikono juu. 

Wiki iliyofuata wakamkamata mwana wa Mama Samaki.

Walisema ni wizi wa mabavu, duka lilivunjwa karibu na mjengo alikofanya kazi, na yeye alionekana akipita. Kosa hilo, sheria yetu bado inalitajia kifo. Akapelekwa rumande. Mama Samaki akaacha kuja.

Sikulala vizuri tena. Najua kwamba kitabu hakiwezi kumkamata mtu. Najua, kichwani. Lakini tumbo halijui. Nikipita kisimani niliwaona wanawake wakiinamiana, na siku moja msichana aliyekuwa akisukwa na shangazi aliniambia akitazama kiooni:

“Sista, mimi usinisimulie kitu. Wala usiniangalie sana.”

“Kwa nini?”

“Watu wanasema ukitajwa na wewe unafuatwa.”

“Kaa ukinyamaza basi,” shangazi akamwambia, akivuta nywele kwa nguvu isiyohitajika. “Kichwa chenyewe kama ufagio, nani atakuweka kitabuni?”

Wote wakacheka. Mimi nilikwenda nyuma ya saluni nikasimama karibu na tangi la maji mpaka walipomaliza kucheka. Hadithi nikaikatia hapo. Waliponiuliza, nilisema nimesahau kitabu nyumbani, nikaanza kuwapa umbea wa mtaa kama wasusi wengine.

Kesi ilijikokota, mashahidi wakaja na kutokuja, msimu wa mvua ukapita. Halafu Mama Samaki akatokea mlangoni, amekonda, khanga imemzunguka mara mbili.

“Wamenipa siku ya hukumu. Ni Ijumaa,” alisema. “Alhamisi unisuke. Nataka matuta ya kurudi nyuma, yaliyonyooka. Na unimalizie kile kitabu.”

“Mama, kile…”

“Ulimwacha mtoto kizimbani. Hakimu alikuwa anavaa miwani? Wale wengine waliniambia ulifika hapo.”

Ni kweli, siku moja nilizidiwa na maswali nikawasimulia mpaka pale karatasi zilipoishia.

“Sasa kumbe alifanywa nini?” aliuliza. “Nikijua wa kitabu, nitajua nijiandae vipi.”

Akaondoka kabla sijajibu. Shangazi alinitazama.

“Mwambie ameachiliwa.”

“Sijui kama aliachiliwa.”

“Si ndio nakuambia! Hujui, basi muachilie. Huyo mwandishi amekufa, atakushtaki? Mama Samaki ataenda kusoma Kizungu cha mababu akukague?”

Nilishindwa kumweleza. Mimi sina cheti cha kitu chochote. Sina mwalimu anayeweza kusimama aseme huyu nilimfundisha mimi. Kitu pekee ninachoweza kujivunia ni kwamba nikisema kitabu kimesema hivi, basi kimesema hivyo. Hata hivyo, nilipokuwa nikijitetea kimoyomoyo, nilikumbuka sikio. Usahihi wangu tayari ulikuwa na tundu, na tundu hilo nilikuwa nimelitoboa mwenyewe, kwenye mwili wa mtoto wa mtu.

Nilitafuta kwenye simu. Ningeweza kufanya hivyo tangu mwanzo, lakini nilikuwa nikiogopa. Simu ikanijibu kwa sentensi moja kwamba kijana alihukumiwa kunyongwa. Sentensi moja, chini yake tangazo la viatu. Nikaifunga. Sikuamini kwamba mwanamke aliyeandika kurasa nyingi namna ile, aliyejua hadi baridi ya sabuni kwenye vidole vya dobi, angemaliza kwa ufupi huo. Nilijiambia lazima kuna kitu katikati. Msamaha. Shahidi aliyechelewa. Mlango wowote.

Kuna chumba cha kusomea nyuma ya kanisa moja Kawangware, karibu na stendi ya matatu ya 46. Jumatano nilimwomba shangazi ruhusa, nikavuka Barabara ya Ngong kwa miguu, nikapanda na vumbi hadi huko nikiwa nimekikumbatia kitabu changu kilichokatika. Mlinzi wa vitabu alikuwa jamaa wa makamo mwenye sweta, anamenya chungwa.

“Sasa.”

“Poa.”

“Unatafuta nini?”

Sikuthubutu kulitamka jina la mwandishi. Nikainua kitabu nikamwonyesha jalada.

“Hicho si unacho mkononi?”

“Hakina mwisho.”

Akakitazama nyuma, akapitisha kidole kwenye ule mchaniko. “Njugu?”

“Njugu.”

Akacheka hadi chungwa likamponyoka. “Kiko rafu ya chini. Hakuna mtu hukiomba hicho, wote huja kwa vile vya mtihani.”

Nilikaa karibu na dirisha. Mikono ilikuwa na jasho, nikaipangusa kwenye sketi nisije nikachafua karatasi. Hakimu alivaa miwani yake. Alisoma. Haikuchukua hata nusu ya ukurasa, na simu ilikuwa imesema kweli.

Nilikuwa nimebakiza kurasa nyingi, na nikajikaza kwa ajili ya kamba. Lakini mwandishi hakuonyesha kamba hata mara moja. Alimwacha kijana mle mle mahakamani akamfuata mama. Mama anatembea kurudi kijijini. Madirisha yanafungwa anapopita. Anaingia ndani, anafua nguo za watu kwa sababu alikuwa ameziloweka, anapika uji, na mkono wake unapika wa watu wawili kwa kuwa umezoea. Siku inapita, na nyingine. Katika kurasa zote hizo hakuna mtu anayebisha hodi. Ndivyo kinavyoisha, mama na sufuria.

Nilikuwa nimekuja kutafuta mlango, nikapewa mlango usiobishwa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa nikisoma. Nilielewa kwa nini watu huviita vitabu hivyo vikubwa, na nikatamani viwe vidogo.

Jamaa wa sweta alinitolea nakala za kurasa zile kwa mashine yao. Nilipofika nyumbani nilizishona kwenye kitabu changu kwa sindano iliyopinda na uzi mweusi, vile vile tunavyoshonea nywele za bandia. Sijui kwa nini. Sikuweza kumpelekea mama yule mwisho uliolegea.

Alhamisi Mama Samaki alikuja mchana. Shingo yake ilinukia ndimu. Mwenye nyumba alikuwa kwenye benchi, shangazi akimsuka mtu mwingine, na kila nilipoinua macho niliyakuta ya shangazi kwenye kioo yakiniambia: muachilie.

“Nyoosha sana,” Mama Samaki alisema. “Kesho ataniona kwa mbali tu.”

Nikagawa nywele. Tuta la kwanza lilikwenda upande, nikalifumua. La pili pia.

“Haya. Miwani.”

“Mama, kwanza kuna kitu. Yule kijana wa kitabu hashiki sikio. Haiko kwenye kitabu. Ni mimi nilimwona wako, nikamwekea. Na baadaye wakamkamata, na watu wanasema…”

“Unafikiri sikujua?”

Vidole vyangu vikasimama.

“Mzungu gani hushika sikio vile? Hilo sikio nimelizaa mimi. Kwa nini unafikiri nilikuwa nakuja kila mara, nywele zikiwa hata hazijafumuka?” Hakugeuza kichwa. “Hakuna mtu aliwahi kumweka mtoto wangu kwenye hadithi. Nilikuwa nakaa hapa namsikia akizungumzwa kama mtu mkubwa. Waliomkamata walikuwa na gari, hawakuwa na kitabu. Suka.”

Nikasuka.

“Alifanywa nini?”

Nilihisi shangazi amesimamisha mikono yake. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, lakini ilitoka.

“Alihukumiwa kunyongwa.”

“Astaghfirullah,” mwenye nyumba akanong’ona.

Mama Samaki hakutikisika. Niliona tu mshipa wa shingo yake ukipiga, karibu na mkono wangu. Nilingoja alie, au asimame aniite mchawi. Nje mtu alikuwa akipiga nyundo kwenye mabati.

“Na mama yake?”

Nikamwambia yote, kurasa zilizofungia njugu na safari yangu ya Kawangware, kisha madirisha yaliyofungwa, nguo za watu, uji wa wawili. Nilimwambia kwamba hakuna aliyebisha hodi mpaka kitabu kinaisha.

“Hakuna hata mmoja?”

“Hakuna.”

“Hata wa kuomba chumvi?”

“Hata wa chumvi.”

“Hata wa umbea?” Sasa sauti yake ilikuwa imepanda, na ilikuwa hasira. “Kijiji kizima? Hao ni watu gani hao! Huyo mwandishi unayemsifu kila siku, alikuwa anaishi wapi?”

“Ndio maana walikuja kututawala,” mwenye nyumba akasema. “Walikosa wa kuongea naye kwao.”

Shangazi alicheka kwanza, kisha yule aliyekuwa akisukwa, kisha Mama Samaki, na kicheko chake kiligeuka katikati kikawa kitu kingine. Nikamshika kichwa kwa mikono miwili mpaka kikaisha, maana sikujua kufanya jambo lingine.

“Kesho mimi nitavaa gurbaba mpya,” mwenye nyumba alisema baada ya muda, kana kwamba kuna mtu alikuwa amemuuliza. “Tuondoke mapema, tupate benchi.”

“Na wewe?” Mama Samaki aliniuliza.

“Naogopa mahakama, mama.”

“Nani haogopi?”

Kwa hiyo Ijumaa tulikaa benchi moja mahakamani, yeye katikati. Nilikuwa nimebeba kitabu mfukoni bila sababu. Walipomleta mwanawe, alitafuta uso wa mamake, akauona, akashika sikio lake la kushoto. Nikatazama sakafu. Hakimu alikuwa mwanamke mdogo kuliko nilivyotarajia. Nilimkazia macho nione kama atavaa miwani, na moyo ulikuwa ukinigonga mbavuni kama mtu anayebisha hodi. Hakuvaa. Alifungua faili, akasema hukumu haijawa tayari, akataja tarehe nyingine, wakamrudisha kijana chini selini. Yote yalikuwa mafupi kuliko kuosha nywele.

Tulitoka tukasimama uani kwenye jua, hakuna aliyejua pa kuelekea.

“Hakimu naye pia,” Mama Samaki akasema hatimaye. “Zake zimefungia njugu.”

Tulicheka vibaya, kwa sauti, mpaka askari akatuambia tusogee.

Njiani alitembea karibu nami. Aliniuliza ni kitabu gani kinafuata. Nilimwambia ninacho kimoja kinene, wanasema ni kikubwa kuliko vyote, nimekwisha kukifungua nyuma kwanza nikahakikisha mwisho upo. Ndivyo ninavyofungua vitabu vyote sasa.

“Mna kijana ndani?”

“Yupo.”

“Basi mweke humo tena. Na sikio lake.”

“Mama, naogopa.”

“Ogopa,” alisema, “lakini simulia.”

Hukumu bado. Jumamosi alikuja, akajisugua ndimu, akakaa, kichwa kikatulia. Nikagawa nywele, nikamwambia kwamba alikuwepo kijana mmoja, mpole, ambaye akiulizwa jambo alikuwa na tabia ya kushika sikio.